Mgema na Mjerumani

(Maneno yaliyosemwa kabla ya chakula cha jioni katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Yamechapwa hapa kwa ombi la wanachama.)



Mwenyekiti amenipa dakika ishirini, naye amenionya kwamba soseji zikipoa lawama yote itakuwa juu yangu. Kwa hiyo nitajitahidi kusema kwa kifupi.

Mwaka huu kamati yetu imeamua kutuandalia bia za kiwanda kidogo cha hapa hapa mjini, na soseji zilizotengenezwa kwa namna ya Kijerumani. Nyama yake ni ya ng'ombe, imechinjwa kwa taratibu ya dini, maana shule yetu ni ya watu wa Dar es Salaam, na kila mmoja wetu anastahili kula bila ya wasiwasi. Wasiotumia kileo wana chai, maji na maji ya ukwaju. Vijana mna soda zenu, na walimu wanawaangalia.

Uamuzi huo wa kamati ulizua maneno. Mzee mmoja wa mwaka wetu aliuliza: hivi sisi tuliosoma hatua chache kutoka soko la Kariakoo tumekosa cha kwetu mpaka tule vya Wajerumani? Mwingine akajibu kwamba cha kwetu ni pombe ya kilabuni, na haiwezi kuwekwa mbele ya wageni wa heshima. Nimeyasikia maneno yote mawili, na nataka kusema kwamba wote wawili wameteleza mahali pamoja. Wote wanaamini kwamba bia ni kitu kimoja na pombe ni kitu kingine. Nitajaribu kuonyesha kwamba mpaka huo haukuwekwa na ulimi wala na tumbo. Uliwekwa na sheria, na sheria yenyewe ilikwisha kufa zamani, lakini sisi bado tunaitii.

Tuanze na Wajerumani, kwa kuwa ndio wenye soseji. Walitawala hapa hadi Vita Kuu ya Kwanza. Waliacha majengo, waliacha makaburi ya vita vya Maji Maji, na waliacha maneno machache katika lugha yetu. Neno "hela" linatokana na sarafu yao, Heller. Na neno "shule", vijana, ambalo mnalishona kwenye sare zenu, ni lao pia: Schule. Hakuna hata mmoja wetu anayeona haya kwamba alikwenda shule kwa jina la Kijerumani. Tulilichukua neno, tukalifanya letu, na leo mtoto wa Gerezani haoni ugeni wowote ndani yake.

Pamoja na maneno hayo walileta bia. Enzi hizo palikuwa na Mjerumani aliyeitwa Wilhelm Schultz, aliyetengeneza bia hapa hapa Dar es Salaam. Kwao Bavaria walikuwa na sheria mashuhuri ya mwaka 1516, iliyosema kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Hopsi ni maua yanayotia bia uchungu na kuifanya isiharibike upesi. Watu wengi huisifu sheria ile kwa usafi wake. Wanasahau kwamba sehemu kubwa yake ilihusu bei: mnywaji atozwe kiasi gani kwa kipimo kipi. Kwa maneno mengine, ilikuwa sheria ya kumlinda mnywaji asidanganywe.

Sasa, ndugu zangu, je, sisi watu wa pwani hii hatukuwa na sheria hiyo? Tulikuwa nayo, ila hatukuiandika. Wazee wetu waliiweka katika methali ambayo kila mmoja hapa aliiandikia insha: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Walimu walitufundisha kwamba maana yake ni kiburi cha mtu anayesifiwa. Ni kweli. Lakini kabla ya kuwa na maana hiyo, methali hii ni habari ya kinywaji na wateja. Inatuambia kwamba mnywaji wa tembo la mnazi aliijua ladha ya tembo safi, akaweza kutambua siku lilipotiwa maji, akamwambia mgema usoni. Mtawala wa Bavaria hakuhitajika. Mzaramo aliyekaa chini ya mnazi wake alikuwa mkaguzi tosha.

Baada ya Wajerumani wakaja Waingereza, na hapa ndipo Kariakoo inapoingia. Jumba la soko lilikuwa limejengwa na Wajerumani karibu na vita. Waingereza walipouteka mji wakalitumia kwa ajili ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na kutoka jina hilo sisi tukapata Kariakoo. Mji wenyewe uligawanywa: Uzunguni, Uhindini, na upande wa pili wa uwanja wa Mnazi Mmoja, Uswahilini. Kama mji ulivyogawanywa, na vinywaji viligawanywa. Mwafrika alikatazwa kwa sheria kunywa vinywaji vya Kizungu, bia ya chupa ikiwemo, isipokuwa kwa kibali. Yeye aliachiwa pombe ya kienyeji, iliyouzwa kwa leseni katika vilabu na masoko ya pombe chini ya macho ya serikali. Kizuizi cha bia kiliondolewa baada ya Vita Kuu ya Pili, na cha vinywaji vikali katika miaka ya 1950.

Fikirini maana ya jambo hilo. Mzee aliyebeba mizigo ya jeshi mgongoni hakuruhusiwa kununua chupa moja ya bia. Basi siku aliporuhusiwa, bia haikuwa tena kinywaji. Ilikuwa cheti. Kuweka chupa mezani ilikuwa ni kusema: na mimi ni mtu. Simlaumu hata kidogo aliyefanya hivyo mwaka 1950. Lakini leo hakuna anayetudai kibali, na bado tunakunywa kwa macho. Tunageuza chupa ili nembo ionekane. Tukipita penye kilabu tunaziba pua. Siku za Azimio la Arusha tulikuwa na jina la ugonjwa huu. Tuliuita kasumba.

Ajabu ni kwamba hiyo inayoitwa bia ya kizungu ni jirani yetu. Kiwanda cha TBL kipo Mtaa wa Uhuru, Mchikichini, mwendo wa miguu kutoka Kariakoo. Kampuni ilianza katika miaka ya 1930 kwa jina la Tanganyika Breweries. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilichukua sehemu kubwa ya hisa zake, na mwaka 1993 ikaingia ubia na kampuni ya bia ya Afrika Kusini. Shayiri hulimwa Kaskazini, katika mikoa ya Kilimanjaro, Arusha na Manyara. Wakubwa wenzangu mtakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa zilipokuwa adimu na bia haipatikani ila kwa kujuana. Waliotunusuru wakati ule ni mama wa kilabuni, na malipo yetu kwao yamekuwa ni kuwacheka.

Naomba nisimame kidogo juu ya mama hawa, kwa sababu historia imewapa nafasi ambayo sisi tunawanyima. TANU ilizaliwa Julai 1954 katika mtaa ambao sasa unaitwa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaandikisha wanawake wa mji huu, hakwenda kwa wake wa makarani waliosoma. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma, ambavyo yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wao, na akaenda kwa wanawake wapika pombe. Hao walikuwa na mambo mawili ambayo chama kichanga kilihitaji: walikuwa wamezoea kushirikiana, na walikuwa na senti zao wenyewe. Mwanamke asiyeomba ruhusa ya mumewe kwa senti ya kadi ni mwanachama wa maana. Basi tunapokaa hapa kama raia huru, tujue kwamba sehemu ya uhuru huo ilitoka kwenye chungu cha pombe.

Sasa niwageukie vijana wa sayansi, maana nimemwahidi mwalimu wenu wa kemia kwamba sitaondoka mikono mitupu. Chukueni mbege ya Wachaga. Ulezi hulowekwa, huachwa uchipue, hukaushwa juani, husagwa. Ndizi mbivu hupikwa kwa muda mrefu, huachwa, huchujwa. Uji wa kimea cha ulezi huchanganywa na maji hayo ya ndizi, na gamba la mti wa msesewe hutiwa ili kuleta uchungu. Sasa chukueni bia ya Mjerumani. Shayiri hulowekwa, huachwa ichipue, hukaushwa, husagwa. Hupashwa moto katika maji, huchujwa, na hopsi hutiwa ili kuleta uchungu.

Mnaona? Kuchipusha nafaka ni kuamsha vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Hamira hula sukari hiyo na kutoa ethanoli na gesi ya kaboni dayoksaidi. Msesewe na hopsi hufanya kazi moja ya kukata utamu. Waliotunga sheria ya mwaka 1516 hawakuitaja hamira kwa kuwa hawakujua kwamba ipo. Ilibidi wasubiri karne ya 19 na watu kama Louis Pasteur, aliyechapisha kitabu chake juu ya bia mwaka 1876. Kwa hiyo bibi yako wa Marangu na mtawa wa Bavaria walikuwa mafundi wa kazi moja, na wote wawili waliifanya vizuri kabla ya mwenye darubini kuja kuwaeleza sababu.

Na wapo Wajerumani walioliona hilo mapema kuliko sisi. Chibuku, ambayo vijana wa kisasa huitaja kwa kejeli, ilianzishwa katika miaka ya 1950 mjini Kitwe, Zambia ya leo, na Max Heinrich. Yeye hakuwaletea wachimba madini bia ya kwao Ujerumani. Alichukua pombe ya nafaka ya wenyeji, akaitengeneza kiwandani kwa vipimo, akaiuza ikiwa bado inachachuka. Inasemekana jina lenyewe limetokana na kitabu alichoandikia maoni ya wateja. Mgeni alikaa, akauliza, akaandika. Sisi wenye nyumba hatujauliza.

Leo mkiangalia glasi zenu mtaona kwamba bia hii ya kiwanda kidogo ina ukungu kidogo. Haikuchujwa sana. Imetengenezwa kwa mapipa machache, inanywewa ikiwa mbichi, na aliyeitengeneza anajulikana kwa sura. Kwa sifa hizo tunalipa bei kubwa kuliko ya chupa ya kawaida, na nasema ni haki yake, kwa sababu ni kazi ya mikono. Lakini zihesabuni tena sifa hizo: ina ukungu, ni mbichi, ni kidogo kidogo, mpishi anajulikana. Ndugu zangu, hiyo ni pombe ya kilabuni iliyovaa tai. Mwenye kuisifu moja na kuitemea mate ya pili hasemi habari ya ladha. Anasema habari ya tai.

Nije kwenye soseji, maana nasikia harufu inatoka jikoni.

Soseji ni elimu ya kutotupa kitu. Vipande vya nyama visivyofaa kuchomwa vizima husagwa pamoja na mafuta, chumvi na viungo, kisha hujazwa ndani ya utumbo mwembamba uliosafishwa. Fundi hutia barafu wakati wa kusaga. Mafuta yakipata joto huyeyuka na kujitenga, na soseji ikifika kwenye moto hutoa mafuta yote ikabaki kama kizibo. Nyingi katika soseji za Kijerumani za kuchoma hutiwa pilipili manga na kungumanga. Nani atatuambia kungumanga inatoka Berlin? Imeota Unguja, na inauzwa Kariakoo kwa kipimo cha kijiko. Ng'ombe wetu hupitia mnada wa Pugu na machinjio ya Vingunguti. Kitu cha Kijerumani kilichobaki ndani ya soseji hii ni mpango wa kazi tu.

Na mpango wenyewe si mgeni Afrika Mashariki. Ndugu zetu Wakikuyu wana mutura: utumbo uliojazwa nyama na damu, ukachomwa juu ya makaa, na jioni watu huusimamia barabarani kwa kachumbari na pilipili. Wenye dini ya kukataza damu hawaugusi, na hiyo ni haki yao. Nautaja ili mjue kwamba fikra ya kujaza utumbo haikuhitaji pasipoti.

Wajerumani nao hawaoni haya kupokea. Mwaka 1949, Berlin ikiwa bado magofu ya vita, mama muuza chakula aliyeitwa Herta Heuwer aliimwagia soseji mchuzi wa nyanya na bizari, na sasa Wajerumani huihesabu Currywurst kuwa chakula chao cha taifa. Bizari ni ya Wahindi, nyanya asili yake ni Amerika. Hakuna Mjerumani aliyejiona mtumwa kwa ajili hiyo, na hakuna aliyeitupa Bratwurst ya babu yake. Hivyo ndivyo mtu mzima anavyopokea. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji mwenyewe awepo nyumbani.

Ndugu Mwenyekiti, nisingependa mtu aondoke hapa akidhani nimekuja kupigia debe ulevi. Kuna jambo zito zaidi ndani ya maneno haya, nalo ni uhai wa watu.

Kinywaji kinachodharauliwa hakikaguliwi. Kikifichwa, hufanywa gizani na mtu asiyejulikana jina, na mteja hana wa kumlalamikia. Novemba 2000, katika mitaa ya maskini ya Nairobi, pombe iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 100 na kuwapofusha wengine. Vijana, methanoli na ethanoli ni ndugu wa karibu. Kwa macho hazitofautiki, na mlevi hawezi kuzipambanua kwa ulimi. Lakini mwili hugeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, nayo huharibu mshipa wa macho. Hapa kwetu tuna gongo, na tulikuwa na viroba, vile vipakiti vya plastiki vya vinywaji vikali vilivyopigwa marufuku Machi 2017 baada ya kuonekana mpaka kwenye mifuko ya sare za shule. Waliokufa Nairobi hawakuuawa na mama wa mbege. Waliuawa na kinywaji kisicho na mgema, kisicho na mtu wa kuambiwa "leo umetia maji".

Kwa hiyo starehe ya kweli, kwa maoni yangu, inaanza kwa maswali matatu: hiki kimetengenezwa kwa nini, kimetengenezwa na nani, na kipimo chake ni halali? Ukipata majibu, kunywa kidogo, kula vizuri, na mwachie mwingine usukani. Usipopata majibu, weka glasi chini, hata kama chupa ina dhahabu shingoni.

Nina maombi matatu, kisha nitakaa.

La kwanza ni kwa kamati. Mwakani, pembeni ya pipa hili, tumwalike mama mmoja anayepika mbege na mgema mmoja wa pwani, tuwape meza yenye kitambaa kama hiki, na tuwalipe kwa glasi bei ile ile tunayolipa leo. Tusiwaite kwa maonyesho ya utamaduni, wakapigwa picha wakarudishwa. Tuwaite kama tunavyomwita fundi yeyote mwenye bidhaa.

La pili ni kwa wanachama wenye nafasi serikalini, kwenye mabaraza ya manispaa, kwenye mabenki na kwenye maabara. Mama wa kilabuni anahitaji maji safi, vyombo visivyoshika kutu, leseni inayopatikana bila kuzungushwa, na mkaguzi anayekuja kupima badala ya kuja kumwaga. Chibuku imeonyesha kwamba pombe ya nafaka inaweza kupimwa na kuwekwa viwango. Vijana waliosoma wanaweza kuifanyia hivyo mbege, wanzuki na ulanzi, na mwenye ujuzi asiporwe kazi yake.

La tatu ni kwenu vijana. Nyinyi hamjafika umri wa kunywa, na sitaki kusikia kwamba mzee fulani alisema. Lakini umri wa kuandika mmefika. Likizo hii mkienda Rombo, Njombe, Bukoba au Kisarawe, kaeni na bibi, mchukue daftari. Andikeni: ulezi kilo ngapi, siku ngapi za kuchipua, maji kiasi gani, anajuaje kwamba imeiva. Yeye atawaambia kwamba anajua kwa kusikiliza chungu. Andikeni na hilo, kisha mwalimu wa kemia atawaeleza kwamba anachosikiliza ni kaboni dayoksaidi ikitoka. Bibi akiondoka kabla hamjauliza, maarifa hayo hayapatikani tena dukani wala maktabani.

Soseji zimekuja, na Mwenyekiti anaangalia saa. Karibuni mezani, ndugu zangu. Anayependa bia aonje bia, asiyetumia anywe ukwaju, na wote mkiona mmetiwa maji, msinyamaze.